Ati Queen "nyongeza, kwa ajili ya ujirani"! Kumi bora ya yule bwana ni matusi

Kijiti_cha_Maiki (mleta uzi)

Wakuu, salamu nitazileta nikishapoa.

Mnamjua. Simtaji, na wala hana haja ya kutajwa. Ni yule yule wa kumi bora kila wiki: kumi bora ya kachori, kumi bora ya boti, kumi bora ya misikiti yenye feni nzuri. Jana usiku katoa kumi bora ya bendi za rock za dunia nzima. Ya kwanza Led Zeppelin. Haya. Ya pili Pink Floyd. Haya. Ya tatu Coldplay. Hapo mtu mzima anaweka kikombe chini. Anashuka, anashuka, Black Sabbath kawabwaga nafasi ya 8, ya 10 kawapa U2. Kumi imetimia. Akaruka mstari mmoja, halafu chini kabisa, kama mtu aliyekumbuka chumvi wali ushapakuliwa, kaandika:

"11. Queen (nyongeza, kwa ajili ya ujirani)."

Nyongeza! Kile anachokutilia muuza tungule ukinunua mafungu mawili!

Mtu kazaliwa hapa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, dunia ikaja kumjua kwa Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, leo anapewa nafasi ya tungule iliyopondeka. Ni sawa na kutoa kumi bora ya mazao ya Pemba, mchicha ukawa wa tatu, halafu karafuu ukaiweka ya 11 kwa ajili ya ujirani.

Na asije akasema Queen ni sauti ya mtu mmoja tu. Gitaa la Brian May, mpiga gitaa wao, lile jekundu, kalitengeneza yeye na baba yake kuanzia 1963, kwa mikono. Shingo ni mbao ya meko kuukuu. Springi za kurudishia daraja la nyuzi ni za vali za pikipiki ya Panther ya 1928. Zile nukta nyeupe za shingoni ni vifungo vya nguo vya lulu, vimetoka kwenye kikapu cha mama yake cha kushonea. Kile kijiti cha kutetemeshea sauti kimevishwa ncha ya sindano ya kufumia. Halafu halipigi kwa kipande cha plastiki kama watu wote, anapiga kwa sarafu, sikspensi, yenye meno pembeni. Ndiyo maana kila noti inaanza na mkwaruzo mdogo. Hebu sikilizeni. Halafu mniambie nyongeza.

Na wimbo wao wa Bohemian Rhapsody, 1975? Utepe ulikuwa na njia 24 tu za kurekodia sauti. Wanaimba watatu, Freddie katikati, Brian chini, Roger Taylor juu. Wanarudia juu ya sauti zao wenyewe mpaka njia zinajaa. Zikijaa, wanazimimina zote kwenye njia chache, wanafungua nafasi, wanaanza tena. Hasara yake anayeijua anaijua: kila ukimimina, mvumo wa utepe unaongezeka na sauti kali za juu zinafifia, na utepe wenyewe ukipita pita kwenye mashine ile poda ya kahawia inakwanguka. Wao waliurudia mpaka ukawa unaonekana upande wa pili, kama chujio la chai. Watu watatu wakasikika kama maulidi ya Mfunguo Sita mtaa mzima. Na ndani yake mna "Bismillah"! Rock ya Uingereza, 1975, Bismillah! Yakhe anaisikia, anakunywa maji, anaandika: nyongeza.

Kwa ajili ya ujirani.

Coldplay wa tatu, wallahi.

Tungule_Mbili

Mleta uzi, povu hili linatosha kufulia kanzu za Malindi nzima.

Mie swali langu moja: ujirani gani? Familia ya Freddie imeondoka 1964. Jirani wa miaka sitini hajarudi hata kurudisha sufuria. Ya 11 kapendelewa.

Kijiti_cha_Maiki

Nyumba yao ipo Shangani, tangu 2019 ni makumbusho, watalii wanapanga foleni mlangoni kupiga picha. Nyongeza inapangiwa foleni?

Tungule_Mbili

Mbona unga wa msaada unapangiwa.

Ngazi_za_Vuga

Tuache utoto. Kwenye ya kwanza yule bwana kapatia, na sitaki mtu aniguse hapo. Wimbo wa Led Zeppelin, When the Levee Breaks, 1971. Seti ya ngoma ya John Bonham, mpiga ngoma wao, imewekwa ukumbini chini ya ngazi za nyumba kubwa ya shamba inaitwa Headley Grange. Vipaza sauti viwili tu, Beyerdynamic M160, vimetundikwa juu kwenye ghorofa vikitazama chini. Basi. Leo vijana wanaweka vipaza kumi na mbili, kila ngoma na chake, halafu wanalalamika ngoma zao zinalia kama ndoo ya kuchotea maji. Kipaza ukikibana karibu na ngozi unapata kishindo kikavu. Ukikiweka mbali na juu, unapata nyumba nzima.

Na sie hapa Mji Mkongwe tuna ngazi za kila namna, kuta nene za mawe na chokaa, ghorofa tatu wazi katikati. Anayetaka ngoma za namna hiyo asinunue kitu, aombe ruhusa kwa mwenye nyumba. Tatizo litakuwa honi za vespa na adhana, kwa hiyo pigeni baada ya isha na mlango wa chini ufungwe.

Kijiti_cha_Maiki

Ngazi nzuri, mkuu, ila sikulalamikia ya kwanza. Nimelalamikia ya 11. Na mabano yake.

Kidole_cha_Plastiki

Mnalilia ya 11, anayestahili kuliliwa yuko nafasi ya 8.

Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, kakatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwanda cha mabati, Birmingham. Mkono wa kulia, na yeye ni mtu wa shoto, maana yake ni ule ule mkono wa kubania nyuzi. Mwengine angefungua duka. Yeye kachukua chupa ya plastiki ya sabuni ya kuoshea vyombo, kaiyeyusha, kaifinyanga vikofia vya vidole, kabandika ngozi juu ili visiteleze. Bado uzi mgumu unauma, basi akatafuta nyuzi nyembamba za banjo. Baadaye, kwenye albamu yao ya tatu, 1971, akalegeza gitaa nusu sauti tatu nzima kwenye baadhi ya nyimbo. Uzi ukilegea hauumi, na gitaa linanguruma kama meli inaingia Malindi usiku.

Metali yote duniani imetoka kwenye chupa ya sabuni ya mtu mmoja. Nafasi ya 8! Chini ya Coldplay kwa ngazi tano!

Tungule_Mbili

Haya, uzi una wafiwa wawili sasa. Nani analeta kahawa?

Kijiti_cha_Maiki

Kidole, pole, lakini Sabbath wamo ndani ya kumi. Hawakuambiwa ujirani.

Jirani_wa_Jagari

Na mimi nianze langu. Kumi na moja wote, hamna hata bendi moja ya Afrika. Zambia miaka ya 70 kulikuwa na rock mpaka ikapewa jina lake, zamrock. Bendi ya WITCH hamuijui? Mwimbaji wao Emmanuel Chanda aliitwa Jagari, ni Mick Jagger wa Rolling Stones huyo kavalishwa jina la Kiafrika. Gitaa lenye fazi, ile sauti ya kupasuka kama spika iliyochanika, juu ya ngoma za kwetu. Bendi ya Amanaz ikatoa albamu ya Africa 1975, mwaka ule ule wa Bismillah yenu. Kama ni ujirani, Lusaka na Unguja nani jirani?

Karafuu_Mbivu

Sie wa Pemba hatuna hata haki ya kugombania nafasi, kwa sababu gitaa lenyewe halipigiki. Nani kati yenu mabingwa wa Mjini anaweza kueleza kwa nini seti mpya ya nyuzi inashika kutu wiki mbili tu? Duka lina aina moja, ile ya bei ya chini, ukifungua pakiti uzi wa kwanza ushakuwa na madoa. Hiyo ndiyo kashfa. Fungueni uzi wa hiyo.

Ngazi_za_Vuga

Uzi wa nyuzi.

Fundi_Koili

Karafuu, hewa ya bahari ina chumvi, na jasho la vidole lina chumvi, na nyuzi za bei ya chini ni chuma kitupu kwa ndani. Fanya hivi:

Ukimaliza kupiga, futa kila uzi kwa kitambaa kikavu cha pamba, juu NA chini. Watu wanasahau chini, na kutu inaanzia huko, inakwangua zile fito za shingoni. Usipake mafuta ya nazi, nawajua nyie. Yanakamata vumbi na sauti inazibika. Gitaa lisikae ukutani karibu na dirisha la baharini, lilaze kwenye mkoba wake na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu, vitatu au vinne. Ukipata nyuzi zilizopakwa utando, nunua hizo. Ghali zaidi, lakini zinakaa mara kadhaa zaidi.

Na ukibadilisha, usitoe zote sita kwa pamoja kama gitaa lako lina daraja la springi. Springi zinavuta upande mmoja, daraja linazama, utahangaika kutuni mpaka alfajiri. Toa mmoja, weka mmoja. Ukihama kutoka nyuzi namba 9 kwenda 10, zilizo nene zaidi, daraja litainuka kwa mbele. Kaza skrubu za springi kwa nyuma robo mzunguko, tuni, tazama, kaza tena.

Karafuu_Mbivu

Shukrani, fundi. Na uzi wa tatu kukatika kila mara pale pale darajani?

Fundi_Koili

Kitako chake kina ukali. Msasa laini, taratibu, mpaka kidole kisihisi makali. Usikate ndani zaidi, uzi utashuka utagonga fito.

Kijiti_cha_Maiki

Jamani. NYONGEZA. KWA AJILI YA UJIRANI.

Kidole_cha_Plastiki

Fundi, usiondoke. Amplifaya inavuma muda wote, hata sijagusa kitu. Ni umeme wetu?

Fundi_Koili

Pikapu zako (za gitaa, si za kubebea matofali) ni za koili moja? Hizo zinadaka mvumo wa umeme, hezi 50, kama antena. Sogea mbali na taa za tyubu na feni, geuka pembeni kidogo, utasikia mvumo unapungua. Gusa nyuzi: mvumo ukipungua, ni kawaida, gitaa linataka kuzibwa kwa karatasi ya shaba kwa ndani. Lakini ukigusa nyuzi ukahisi zinakutetemesha mkono, zima, chomoa, usipige tena. Hapo soketi haina waya wa erthi, na hilo si suala la muziki, ni la maziko.

Pikapu za Brian May ni za koili moja pia, kila moja na swichi mbili, ya kuwasha na ya kugeuza mkondo. Akawasha mbili pamoja, sauti inanona. Na alizimwagia gundi ya Araldite ndani ili zisipige ukelele volyumu ikipanda.

Kijiti_cha_Maiki

AHSANTE, FUNDI. Mnaona? Gundi! Mtu anamwaga gundi kwenye koili, anakwenda uwanja wa Wembley, tamasha la Live Aid, tarehe 13 Julai 1985, dakika ishirini na moja, watu 72,000 wanapiga makofi kwa pamoja kama mtu mmoja, Freddie na kijiti chake cha maiki nusu, na kwenye rekodi ile sauti ya juu kabisa ya Bohemian Rhapsody, inayopasua dari, kabla ya gitaa kuingia…

Ngazi_za_Vuga

Ile ya juu kabisa ni ya Roger Taylor. Mpiga ngoma. Umeandika mwenyewe hapo juu, "Roger Taylor juu".

Tungule_Mbili

😂😂😂 Mleta uzi kapewa nyongeza.

Kijiti_cha_Maiki

Roger ni wa bendi hiyo hiyo!!! Ya 11 ni ya bendi!!!

Bibi_wa_Kanuni

Wanangu, mnagombania majirani waliohama, mwenye nyumba hamumwoni. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarabu, ipo tangu 1905. Siti binti Saad karekodi Bombay 1928, huyo Freddie wenu bado miaka 18 azaliwe. Hakuna hata mmoja aliyewaweka hata kwenye nyongeza.

Jirani_wa_Jagari

Shikamoo bibi. Lakini taarabu si rock.

Bibi_wa_Kanuni

Marahaba. Mpe Iommi kanuni, ile ala ya taarabu, nyuzi zaidi ya sabini, tatu tatu kwa kila sauti moja. Zile tatu zisipolingana sawasawa, noti inalia kama mbuzi. Mpigaji anatuni saa nzima, watazamaji wanadhani ndiyo muziki. Na daraja lake limekaa juu ya ngozi, si mbao. Masika yakiingia ngozi inalegea, daraja linazama, sauti zote zinashuka na unaanza upya. Halafu mtu analia kuhusu nyuzi sita.

Kijiti_cha_Maiki

Bibi, kwa heshima zote, uzi huu ni wa orodha ya yule bwana…

Tungule_Mbili

Yupi?

Karafuu_Mbivu

Bibi samahani, hizo nyuzi za kanuni ni za chuma?

Bibi_wa_Kanuni

Nailoni, mwanangu. Za besi tu ndizo zilizozungushiwa waya.

Karafuu_Mbivu

Kwa hiyo nyingi hazishiki kutu?

Bibi_wa_Kanuni

Nailoni ishike kutu kwa lipi?

Karafuu_Mbivu

Basi mie nishahama rock. Fundi, vile vipakiti vya viatu naviuza, vinne, havijafunguliwa. Niko Wete.