Majirani wa Ploti, Kivumbini: risasi kwenye tenki la maji

Kevo Boda: Watu wangu, mlisikia ile ya saa tano usiku? Risasi zililia mbili, nilihesabu.

Mama Nafula: Kusikia nini, moja si iliingia kwangu! Tenki limetobolewa. Nimeamka nikapata maji yote yako uani.

Baba Shiru: Nilimwona kijana akiruka ukuta wa nyuma, simu iko mkononi bado inawaka. Polisi wawili nyuma yake. Akawapotelea kwa mtaro.

Kevo Boda: Hawa wa kunyakua simu stejini wametusumbua sana. Wangelenga vizuri tu. Mwizi akikimbia ni risasi, hiyo ndiyo sheria.

Mwalimu Chebet: Sheria gani hiyo, Kevo?

Kevo Boda: Si inajulikana Mwalimu 😅

Mwalimu Chebet: Inayojulikana na iliyoandikwa ni mbili tofauti. Iliyoandikwa iko kwa Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011, Jedwali la Sita. Bunduki ni ya mwisho, njia zingine zikishindwa. Na kazi yake ya kwanza ni kuokoa maisha, ya afisa au ya mtu mwingine aliye karibu kuuawa au kuumizwa vibaya. Kabla ya kufyatua ajitambulishe, aonye waziwazi, aache nafasi onyo lisikike. Asipoonya, iwe ni kwa sababu kungoja kungehatarisha maisha, au onyo halingekuwa na maana yoyote hapo.

Baba Shiru: Lakini kuna kipengele cha mtu anayetoroka. Nilikisikia redioni.

Mwalimu Chebet: Kipo. Kisome polepole: mtu *aliyeshtakiwa* kwa kosa kubwa la jinai, anayetoroka *kizuizini*. Yeye na wanaokuja kumtorosha. Huyu wa jana alishtakiwa korti gani? Nani alikuwa amemshika? Alikuwa anaruka ukuta wa Mama Nafula.

Mama Wambo: Samahani, kuna mtu maji yake yamerudi?

Mama Nafula: Yangu yalikuwa yamerudi 😭

Mzee Saidi: Mwalimu, na mali ya watu je? Tuibiwe tukitazama?

Mwalimu Chebet: Mzee wangu, hapo umegusa penyewe. Jedwali linataja pia kulinda maisha na mali kwa nguvu zinazostahili. Anayependa bunduki atashika neno "mali". Mimi nashika "zinazostahili". Simu na roho ya mtu haviwekwi kwa mzani mmoja.

Mama Brayo: Mimi nitasema langu. Mwaka juzi Brayo alikimbia msako hapo Bondeni. Hakuwa ameiba hata kiberiti. Kitambulisho kilikuwa hakijatoka, na alijua akilala ndani mimi sina pesa ya kumtoa. Akaruka ukuta huo huo. Ukimwona mtu mgongo usiku utajuaje anakimbia nini? Jana nikisikia huo mlio nilienda kwa kitanda chake gizani, nikapapasa kama yupo.

Kevo Boda: Pole mama. Hapo sikuwa nimefika.

Tito (wa Mzee Saidi): Nawasoma nikiwa kazini huku Tennessee, Marekani. Hayo maneno ya Kevo yalikuwa sheria kabisa huku. Memphis, Oktoba 1974, kijana wa miaka 15, Edward Garner, alitoka kwa nyumba ya watu usiku. Polisi akammulika na tochi kwenye ua wa waya, akaona mikono, na alikiri mwenyewe alikuwa karibu na hakika kwamba kijana hana silaha. Akamwambia asimame. Kijana akaanza kuparamia ua, akapigwa risasi kisogoni. Alipatikana na kipochi na dola 10.

Mama Brayo: Dola kumi. Ya Mungu.

Tito (wa Mzee Saidi): Babake akashtaki, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1985 majaji sita kwa watatu wakasema huwezi kumuua mtu kwa kukimbia tu, lazima kuwe na sababu ya kuamini ni hatari kubwa kwako au kwa wengine. Ile desturi ya kumpiga risasi mhalifu anayetoroka ilitoka Uingereza ya zamani, wakati karibu kila kosa kubwa adhabu yake ilikuwa kunyongwa.

Mzee Saidi: Kumbe risasi ilikuwa inaiwahi kamba tu.

Tito (wa Mzee Saidi): Ndivyo majaji walivyoona, mzee. Kamba ilishaondoka kwa makosa mengi, risasi ikabaki.

Baba Shiru: Mimi nimetoka kupima sasa hivi. Kutoka hilo shimo la tenki hadi dirisha la Shiru ni hatua tatu. Sina la kuongeza.

Mama Nafula: Na tenki langu analipa nani?

Mwalimu Chebet: Nenda kituoni upewe namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Kila risasi inayofyatuliwa lazima mkubwa wao aarifiwe, hata kama hakuna aliyeumia. Angeuawa mtu, mkubwa huyo angelazimika kuarifu IPOA, ile mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, wachunguze. Hata hili la tenki unaweza kuwapelekea malalamiko mwenyewe. Ila piga picha ya shimo kwanza.

Mama Nafula: Nimeshaliziba na sabuni ya kipande.

Mwalimu Chebet: Toa sabuni, piga picha, rudisha sabuni.

Kevo Boda: Nakuja na ndoo, Mama Nafula. Usitoe kabla sijafika.