Tupeane uzoefu: Desturi gani ya baa za ugenini ilikuacha mdomo wazi?

Wakuu, za jioni. Sitaki ubishi wa bia ipi tamu, huo hauishi. Nataka desturi: unaagizaje, nani analipa, na ukitosha unaachaje. Bongo mhudumu anakuuliza "ya moto au ya baridi?", anafungua chupa mbele yako, stori zinaendelea. Huko mliko je? Tiririkeni.

Kilaji Taratibu
Köln, Ujerumani. Bia yao ni Kölsch, inakuja kwenye glasi nyembamba ya mililita 200. Nikadhani naonjeshwa kwanza. Mhudumu wanamwita Köbes, anapita na sinia la duara lenye mkono juu, glasi zimechomekwa kwenye matundu. Ukimaliza anakuwekea nyingine, wala hakuulizi, kisha anachora mstari wa penseli kwenye kile kikaratasi kigumu cha kuwekea glasi. Mistari hiyo ndiyo bili yako. Mimi na malezi yangu ya kutokataa kilicholetwa, mistari ikazunguka kikaratasi, hadi mzee wa meza ya jirani akaniambia: funika glasi kwa hicho kikaratasi. Nikafunika, Köbes akapita kama hanioni. Halafu usithubutu kuagiza Alt pale. Hiyo ni bia ya Düsseldorf, mji wa jirani, na wale ni Simba na Yanga.

Mtu wa Supu
Hahaha mkuu, mimi ningebebwa.

Shemeji wa London
Huku pub nyingi usikae ukasubiri mhudumu, utakauka. Unaifuata kaunta na kulipa hapohapo. Kubwa ni raundi: mkiwa watano, kila mmoja kwa zamu yake ananunulia wote. Kwangu huu utaratibu una kasoro, anayekunywa haraka ndiye anawaendesha wengine, na painti ni mililita 568, si mchezo. Mimi situmii kilevi, nanunuliwa soda, ila zamu yangu ya kununua iko palepale! Ukinywa za wenzio ukachomoka kabla hujatoa raundi, utasemwa ofisini wiki nzima.

Dada Mkubwa
Tokyo, kwenye izakaya, yaani baa zao za pombe na vitafunwa. Mkiwa kundi hujimiminii, unammiminia jirani, naye anakumiminia wewe. Hakuna kugusa glasi kabla ya "kanpai", yaani "cheers" yao. Umetosheka? Iache ikiwa imejaa, maana ikipungua tu wanaongeza. Kuna kibakuli cha kitafunwa kinaletwa hujakiagiza, otoshi, nacho kimo kwenye bili. Bakshishi hawana, ukiacha chenji mezani wanaweza kukukimbilia nje wakurudishie.

Mwana Mpakani
Mnaenda mbali, njooni Kampala kwenye malwa. Ni pombe ya ulezi, chungu kinakaa katikati, kila mtu na mrija wake mrefu wenye kichujio ncha ya chini. Maji ya moto yanaongezwa humohumo chunguni. Vikundi vingine vina mwenyekiti, mweka hazina na faini, kabisa kama vikoba. Ukija mgeni, salimia kwanza, kiti utapewa.

Abu Muscat
Huku Oman ni hotelini na sehemu zenye leseni tu. Mie nasoma, endeleeni.

Mtu wa Supu
@Mwana Mpakani mrija wa kuazima upo?

Mwana Mpakani
Njoo na wako kaka.