Mjadala: Anayechora mstari kwenye kompyuta ametunga muziki au amechora tu?

Wakuu, salaam. Hoja hii imenikaa kifuani wiki nzima. Mwalimu mmoja wa muziki, mtu ninayemheshimu sana, aliangalia kazi ya kijana ninayemfundisha akasema huyu hajatunga kitu, amechora. Afundishwe nota kwanza, michoro itafuata. Napinga, na naomba mnisikilize kabla hamjaamua.

Kwa wasioifahamu, OpenMusic ni programu ya bure iliyozaliwa IRCAM, kituo cha utafiti wa muziki kilichoko Paris, miaka ya 1990. Unatunga kwa kuunganisha vijisanduku kwa nyaya. Kisanduku kimoja kinaitwa BPF. Unaweka nukta chache kwenye grafu, nacho kinaziunganisha kwa mistari iliyonyooka. Mlalo ni muda, na wima ni chochote utakacho: sauti, nguvu, kasi.

Kijana aliweka nukta tatu. Humo do ya kati ni 6000 na kila nusu toni ni 100. Basi akaanzia 6000, sekunde ya kwanza akafika 6700 ambayo ni sol, ya nne akatua 6200, yaani re. Apande haraka, ashuke taratibu. Akaomba nota tatu zenye nafasi sawa, akasikiliza, akakunja uso. Sol yake haimo! Tukafungua orodha ya namba: 6000, 6533, 6200. Kompyuta ilipima mwanzo, katikati na mwisho, na kile kilele cha sekunde ya kwanza ikakiruka. Akaomba nota tano: 6000, 6700, 6533, 6367, 6200. Sol ikarudi. Hapo akaniuliza, na hiyo 6533 ni nota gani?

Ni fa iliyozidi kwa theluthi ya nusu toni. Kwenye piano haina kitufe. Mtoto aliyekaa saa moja tu mbele ya mstari wake ameuliza swali ambalo wengi wetu tulisoma nota miaka mitatu bila kulifikia. Kama kusikia kwamba kilele kimepotea, kukitafuta na kukirudisha si kutunga, basi mniambie kutunga ni nini.

Na jambo lenyewe si geni. Mtunzi Iannis Xenakis alichora miteremko ya sauti za nyuzi za kazi yake Metastaseis kwenye karatasi ya grafu miaka ya 1950, kisha akaigeuza kuwa nota ili okestra ipige. Mwaka 1977 mashine yake ya UPIC ilikuwa tayari: ubao na kalamu, unachora, unasikia. Watoto nao waliitumia.

Sisi wa pwani ndio tungeshangilia kwanza. Maqamu (mpangilio wa sauti) ya rast, tunayoisikia kwenye taarab, ina mi iliyo kati ya mi bemoli na mi kamili. Kwenye mistari mitano ya nota lazima uibandikie alama ya ziada. Kwenye grafu unaweka nukta karibu na 6350, unaisogeza mpaka sikio likubali, basi.

Mwalimu ana haki mahali pamoja, na sitamnyima. Ukiburuta kipanya ovyo unapata mamia ya nukta ambazo hakuna anayezisoma, wala wewe mwenyewe. Hiyo kweli ni picha. Kwa hiyo darasani kwangu nukta hazizidi kumi, na kila moja lazima mwanafunzi aweze kuitetea. Siku akitaka kumpa mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, kazi yake, atahitaji nota, na hapo atajifunza akijua anazihitaji kwa ajili gani.

Mnaofundisha watoto ambao hawajawahi kusoma nota, ninyi mnaanzia wapi? Leteni somo lenyewe, hatua kwa hatua, tulijadili.