Naomba ushauri: dawa inayoziba mlango wa seli badala ya kupiga kirusi

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri kwa wanaojua mambo ya ARV. Braza wangu yuko kwenye dawa miaka mingi, sasa virusi vyake vimeanza kuwa sugu na daktari kamgusia maraviroki, ile iliyopitishwa Marekani 2007. Nimesomasoma nikaona hii haimgusi kirusi kabisa, inaenda kuziba protini ya CCR5 iliyopo kwenye seli zetu wenyewe, ndo mlango anaoingilia, na ndo hiyohiyo ambayo aliyemchangia uboho Timothy Ray Brown, mgonjwa wa VVU kule Berlin, hakuwa nayo, Brown akapona VVU.

Shida ni kwamba kuna virusi vingine vinapita mlango wa CXCR4, hivyo dawa haivifanyi kitu, so lazima upime kwanza vyake vinatumia upi. Hapo ndo nimekwama, hicho kipimo kwa hapa Bongo kinafanyika wapi au sampuli inatumwa nje? Na kama kuna aliyeitumia, ini lilikuwaje, maana tahadhari ya ini ipo kwenye maelezo yake.

Dawa za sasa hajaacha, na mambo ya mitishamba msiniletee tafadhali.