Tupeane uzoefu: namna ya kuitazama filamu ya Deokhye, binti wa mwisho wa kifalme wa Korea, bila kupotea

Mwanzisha uzi
Wakuu, tuizungumzie Deokhye Ongju ya mwongozaji Hur Jin-ho, ya mwaka 2016. Ni dakika 127, na wengi huishia njiani kwa sababu inaruka miaka mbele na nyuma. Mtazamaji anapotea wapi, na anajinasuaje?

Mchangiaji wa 2
Andika miaka hii kwenye karatasi kabla hujabonyeza. 1910: Japani inaitwaa Korea. 1912: Deokhye anazaliwa. 1919: baba yake, Gojong, mfalme wa zamani wa Korea, anafariki ghafla. 1925: binti anapelekwa Japani akiwa na miaka 12. 1962: anarudi Seoul. Ikiruka, angalia sura: Kim So-hyun ndiye Deokhye msichana, Son Ye-jin ndiye mtu mzima.

Mchangiaji wa 3
Maandishi ya chini hayakuambii nani anaongea Kikorea na nani Kijapani. Tega sikio mwisho wa sentensi: ukisikia "-nida" ni Kikorea cha heshima, "desu" au "-masu" ni Kijapani. Ukilikosa hilo umekosa nusu ya filamu, maana hapo mtu akibadili lugha anaonyesha yuko upande gani.

Halafu neno "mama". Sisi tukilisikia tunadhani binti anamwita mzazi wake. Sivyo. Kwenye ikulu ya Korea ni neno la heshima linalobandikwa baada ya cheo, kwa hiyo hata watumishi wanamwita Deokhye "Ongju mama".

Mchangiaji wa 4
Niongezee hapo kwa mkuu wa 3. Ongju ni binti wa mfalme aliyezaliwa na suria. Wa malkia anaitwa gongju. Tafsiri nyingi zinaweka "binti mfalme" kote kote na tofauti inapotea. Mama yake Deokhye, Bibi Yang, hakuwa malkia.

Mchangiaji wa 5
Msiichukue yote kama historia. Ile mipango ya kutorokea Shanghai pamoja na kaka yake Yi Un imetungwa, na ile hotuba kwa vibarua wa Kikorea pia. Riwaya ndiyo chanzo cha filamu, si kumbukumbu za ikulu.

Ukweli wenyewe hauhitaji kuongezwa chumvi. Kifo cha Gojong kilizua tetesi za sumu, na inasimuliwa kwamba Deokhye alikwenda shule Tokyo na chupa yake ya chai, asinywe kitu cha mtu mwingine. Chupa ile itazameni vizuri: ni mtoto anayelinda koo lake mwenyewe ugenini. Mwaka 1931 akaozwa kwa So Takeyuki, Mjapani wa ukoo uliotawala kisiwa cha Tsushima. Mwaka uliofuata akazaa binti, Masae. Akaugua akili, akalazwa miaka mingi, ndoa ikavunjika, na 1956 Masae akatoweka.

Watu huuliza: Korea ilipata uhuru 1945, mbona hakurudi? Serikali ya Syngman Rhee, rais wa kwanza wa Korea Kusini, haikutaka watu wa ukoo wa kifalme warudi. Aliporuhusiwa, Januari 1962, alikuwa na miaka 49. Akaishi kwenye makazi ya Nakseonjae, ndani ya Changdeokgung, ikulu ya zamani ya Seoul. Alifariki tarehe 21 Aprili 1989, na siku tisa baadaye akamfuata wifi yake, Yi Bangja, mke wa Yi Un, waliyekuwa wakiishi naye humo.