Mwanangu wa miezi 26 hasemi. Nisubiri?

Kimya_Kingi: Wakuu, naombeni ushauri. Kijana wangu ana miezi 26, hasemi. Mama mkwe anadai wavulana huchelewa, nisubiri afikishe mitatu. Nisubiri?

Fundi_Lugha: Usisubiri. Miezi 24 mtoto anaunganisha maneno mawili, "mama njoo". Anza na kipimo cha masikio, na kupiga makofi nyuma yake si kipimo. Maji yakijaa nyuma ya ngoma ya sikio, mlango ukibamizwa atageuka, ila s, f na t hazimfikii.

Sikio_la_Kufa: Televisheni hiyo! Shirika la Afya Duniani lilishasema 2019: chini ya miaka 2 skrini isiwepo, miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku. Ila nani anasikia?

Fundi_Lugha: Sawa, lakini tusimtwike mama wa watu lawama. Dada, akitaka kitu anaonyesha kwa kidole?

Kimya_Kingi: Hapana. Ananishika kiganja, anakiweka juu ya mfuniko wa chupa. Macho yako kwenye chupa tu, mimi hanitazami.

Bisha_Hodi: Hajawahi kusema neno hata moja?

Kimya_Kingi: Alikuwa na sita. "Maji", "paka", "mama"... Kuanzia miezi 17 yakapotea moja moja. Sikuandika kwa sababu mngekimbilia chanjo.

Bisha_Hodi: Dada! Ungeanzia hapo. Maneno yakipotea, umri wowote, ni kumwona daktari wiki hii. Ya chanjo yaache. Ile makala ya 1998 iliyohusisha chanjo na usonji (autism), jarida la tiba la Lancet liliifuta 2010. Mwambie daktari kama mtoto huduwaa au hushtuka mwili, maana kifafa nacho huweza kula lugha.

Kimya_Kingi: Hashtuki. Ila nimeshalipia matone ya kuondoa madini mazito mwilini, eti yanatibu usonji, dozi ya miezi 3. Ni ya asili, yatamdhuru nini?

Fundi_Lugha: Usonji hauondolewi kwa kusafisha madini. Marekani, 2005, mtoto mwenye usonji alidungwa dawa ya aina hiyo, ikamshusha kalsiamu, moyo ukasimama. Na hayo matone hata hujui yana nini ndani.

Sikio_la_Kufa: Hii chai. Mara hasemi, mara alikuwa na maneno sita, mara matone. Ukurasa wa pili tutapewa namba ya muuzaji.

Kimya_Kingi: Namba sitoi. Chupa sijaifungua.

Bisha_Hodi: Chai au si chai, kuna mzazi anasoma kimya kimya. Ulizia dodoso la dalili za usonji, M-CHAT-R: maswali 20, kwa miezi 16 hadi 30. Alama 0 hadi 2, hatari ndogo. 3 hadi 7, mnaulizwa tena kwa undani. 8 kwenda juu, moja kwa moja kwa wataalamu. Linachuja tu, halimpi mtoto jina la ugonjwa. Na mazoezi ya usemi hayangoji hilo jina.

Kimya_Kingi: Masikio ni Jumatatu, na nitamwambia daktari kuhusu maneno. Matone nimeyaweka juu ya kabati.

Sikio_la_Kufa: Juu ya kabati yanasubiri nini? Mwaga.

Kimya_Kingi: Nimelipa hela nyingi, mkuu.