Ukulele ya kwanza ya mtoto, bajeti laki moja na nusu

Mama Zuhura: Habari zenu wakuu. Binti yangu wa miaka 9 kaganda na ukulele, kale kagitaa ka nyuzi nne, tangu aione YouTube. Nimetenga 150,000, na mfuko wake uwe humo humo. Leo Kariakoo nimeonyeshwa ndogo za elfu 40 zenye rangi kama pipi, na ya mbao kubwa kidogo kwa laki na ishirini. Muuzaji anasema zote sauti moja. Kuna ukweli hapo?

Besi ya Kwaya: Mama Zuhura, huyo anataka kuuza tu. Mimi nafundisha watoto kanisani, hizi nazishika kila Jumamosi. Saizi ndogo inaitwa soprano, ina sentimita 53 hivi, inayofuata ni concert, kama 58, na nyuzi za zote zinatuniwa, yaani kukazwa, kwenye noti za G C E A. Chukua concert, vidole vitapata nafasi na hataiona ya kitoto akifika sekondari. Baritone, ile kubwa zaidi, achana nayo, tuni yake ni nyingine.

Halafu usinunue kwa macho. Pakua programu ya kutuni kwenye simu kabla hujatoka nyumbani. Dukani tuni nyuzi zote nne, kisha bana kila uzi freti ya 12 (freti ni vile vyuma vya kukatisha shingoni) na uupige. Lazima isome noti ileile, ila ya juu. C ikipanda kuelekea D, hilo ni pambo la ukutani. Chungulia pia hapo hapo nafasi kati ya uzi na freti: ikizidi milimita 3, mtoto atalia vidole na ataiacha.

Fundi Magitaa: Akikuambia ni mbao nzima, si plaiwudi, kwa bei hiyo, cheka tu. Na kwa unyevu wa Dar, plaiwudi inavumilia zaidi. Usiiache kwenye gari juani, gundi ya daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi chini, inaachia. Nyuzi za chuma za gitaa marufuku! Nililetewa moja daraja limeng'oka na kipande cha ubao.

Mama Zuhura: Asanteni sana. Ila ile ya mbao, uzi wa juu kabisa unalia wembamba kuliko unaofuata. Mbovu?

Besi ya Kwaya: Nzima hiyo. G ya ukulele iko juu ya C, ndiyo inayoipa ule mlio wake wa kuchekacheka. Muuzaji asiilegeze. Na nyuzi mpya za nailoni zinavutika, siku za mwanzo atatuni kila akiishika. Ikifaulu freti ya 12, anza na elfu tisini, mwache akatae mwenyewe.